Taifa Linalojihesabu: Kuzaliwa, Kufa na Kuhama Ufini



Nimeombwa nizungumzie mwenendo wa idadi ya watu, na wengi mlitarajia niseme habari za China au India. Nimechagua Ufini. Ni nchi ya watu wapatao milioni 5.6, karibu sawa na Mkoa wa Dar es Salaam, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu milioni 5.4. Ila hao wa Ufini wametawanyika katika ardhi inayozidi kidogo theluthi moja ya Tanzania nzima, sehemu kubwa ikiwa misitu na maziwa.

Sababu yangu ya kwanza ni kumbukumbu zao. Ufini ina takwimu za kila mwaka za waliozaliwa na waliofariki tangu 1749. Mtu wa fani yangu akizifungua hupata mikononi mwake karne mbili na robo tatu za maisha ya taifa zima, pamoja na misiba yake yote. Sababu ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 2010 kiwango cha uzazi Ufini, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani kwa mwendo wa mwaka ule, kilikuwa 1.87. Mwaka 2024 kilikuwa 1.25. Kimeshuka kwa theluthi moja katika miaka 14, bila njaa, bila vita katika ardhi yao, bila sheria yoyote ya kumzuia mtu kuzaa, tena katika nchi inayosifiwa duniani kote kwa namna inavyowatunza wazazi. Nitakalolitetea jioni hii ni kwamba serikali inaweza kuzuia mtoto asife, na Ufini ilifanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Lakini kumfanya mtu aanzishe familia ni kazi ya namna nyingine kabisa, na hakuna posho iliyowahi kuiweza peke yake.

Nianze na vitabu. Mwaka 1749 Ufini ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Kanisa la Kilutheri lilikuwa kanisa la dola, na sheria ya kanisa ya 1686 ilikuwa imekwisha kuwaagiza wachungaji waandike ubatizo, ndoa na maziko. Mchungaji alipita kijiji kwa kijiji na kitabu chake, akawasailisha watu katekisimu, akaandika nani anajua kusoma na nani hajui, nani amehamia na nani ameondoka. Asiyeijua katekisimu hakukaribishwa kwenye Meza ya Bwana, na asiyefika mezani hakufungishwa ndoa. Wale kati yenu mliobatizwa Bukoba, Moshi au Iringa mnavijua vitabu vya usharika na mnajua cheti cha kipaimara kinavyotunzwa. Kule serikali iliamua kuvitumia vitabu hivyo. Kuanzia 1749 kila mchungaji alijaza majedwali yaliyochapwa: wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, kwa umri gani na kwa maradhi gani. Majedwali yakapanda ngazi hadi Stockholm.

Nia ya wafalme ilikuwa kujua wana askari wangapi na walipa kodi wangapi. Jumla ya ufalme ilipopatikana, ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani, ikafichwa kwa miaka kama siri ya dola ili majirani wasijue udhaifu wao. Upande wa Ufini walikuwa takriban 420,000 mwaka 1750. Mwaka 1809 nchi ikaangukia mikononi mwa Urusi, lakini vitabu havikufungwa. Wachungaji waliendelea kuandika chini ya Tsar kama walivyoandika chini ya mfalme, na kufikia 1879 watu walikuwa wametimia milioni mbili.

Kabla ya kufika hapo walipitia mwaka ambao bado unatajwa Ufini kwa uzito. Naomba mnivumilie nikikaa hapa kidogo.

Mwaka 1867 majira ya kuchipua hayakufika. Mwezi wa Mei maziwa yalikuwa bado yamefunikwa na barafu, na mahali pengine barafu iliendelea hadi Juni. Wakulima walipanda wakiwa wamechelewa sana. Mwanzoni mwa Septemba jalidi ikashuka usiku na kuua nafaka kabla haijakomaa. Mavuno ya miaka iliyotangulia yalikuwa mabaya, kwa hiyo maghala ya vijiji yalikuwa tayari matupu. J. V. Snellman, aliyesimamia fedha za nchi, alisita kukopa kwa kuogopa kuitikisa sarafu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefungamanishwa na fedha halisi. Mkopo ulipopatikana na nafaka kuagizwa, bahari ilikuwa inaganda.

Watu wa mashambani walikuwa na ujuzi wa zamani wa mkate wa magome. Huchaguliwa msonobari, likachubuliwa gamba la nje, ukavuliwa utando mwororo wa ndani unaogusana na mti. Utando huo huanikwa, hubanikwa motoni ili kupunguza uchungu, husagwa, kisha huchanganywa na unga wa rai, nafaka yao ya kila siku. Unga ukiwa mwingi na magome machache, tumbo huvumilia. Majira yale ya baridi magome yakawa mengi na unga mchache, na mahali pengine walisaga hata mabua. Familia zikaacha nyumba zao na kushika njia kuomba chakula, zikilala zimesongamana sakafuni mwa vibanda vya wenyeji. Humo ndimo homa inayoenezwa na chawa ilimopata watu, pamoja na kuhara damu. Wengi waliokufa waliuawa na maradhi hayo zaidi ya njaa yenyewe, na wachungaji waliyaandika katika safu ya sababu za kifo. Katika mwaka mmoja tu wa 1868 ilikufa takriban asilimia 8 ya watu wote wa nchi, zaidi ya roho 130,000. Watoto waliozaliwa mwaka huo nao walipungua sana, kama ilivyo kawaida ya miaka ya njaa. Kumbukeni jambo hilo la watoto wa 1868, nitalihitaji baadaye.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, ingawa ilikuwa mizito. Kati ya miaka ya 1860 na 1930 Wafini zaidi ya 300,000 walihamia Amerika Kaskazini, wengi wao kutoka Pohjanmaa upande wa magharibi, wakaingia migodini na misituni Michigan na Minnesota. Uhuru ulikuja Desemba 1917, na ndani ya miezi michache vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaua zaidi ya watu 36,000. Vita na Urusi ya Kisovieti kati ya 1939 na 1944 viliua wengine wapatao 90,000. Jimbo la Karelia lilipokwenda kwa Wasovieti, watu zaidi ya 400,000 walifunga virago na kuhamia upande uliobaki wa Ufini. Mmoja kati ya kila raia tisa hivi alikuwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, na wenyeji walitakiwa kwa sheria kumega mashamba yao. Watoto wapatao 70,000 walipelekwa nchi jirani, wengi Uswidi, wakiwa na vibandiko vya majina shingoni, ili waepushwe na mabomu na njaa. Maelfu kati yao hawakurudi kamwe.

Sasa nije kwenye mafanikio, na nitasema wazi kwamba nayahusudu.

Miaka ya 1930, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Ufini, wapatao 65 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Leo wanaokufa ni wawili hivi. Daktari mmoja, Arvo Ylppö, aliifanya vita dhidi ya vifo hivyo kuwa kazi ya maisha yake, naye aliishi hadi 1992 akiwa na zaidi ya miaka 100. Mwaka 1922 kliniki ya kwanza ya ushauri kwa mama na mtoto ilifunguliwa Helsinki, na kufikia 1944 sheria ilizitaka halmashauri zote ziwe na kliniki hizo. Mama alikwenda bure, mtoto akapimwa uzito, muuguzi akaandika, naye akaja mpaka nyumbani.

Tatizo lilikuwa lilelile wanalolijua wauguzi wetu wa kliniki: mama huja akiwa amechelewa, mimba ina miezi saba au minane. Ufini walitafuta dawa yake. Sheria ya 1937, iliyoanza kutekelezwa 1938, ilimpa mama mwenye kipato kidogo msaada wa uzazi. Mwaka 1949 msaada huo ukawa wa kila mama, awe mke wa mkata miti au mke wa waziri, kwa sharti moja: awe amekwenda kliniki au kwa daktari kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Msaada huo ni boksi la kadibodi.

Ndani ya boksi mna nguo za mtoto za vipimo viwili vitatu, kofia, soksi, suti nene ya kutokea nje wakati wa theluji, mfuko wa kulalia, blanketi, taulo, kipimajoto, mkasi mdogo wa kucha, brashi ya nywele, na godoro dogo linaloenea sawasawa chini ya boksi. Vitu vikishatolewa, boksi lenyewe hutandikwa na mtoto hulala humo miezi yake ya mwanzo. Zamani walitia vitambaa badala ya nguo, kwa kuwa akina mama walishona wenyewe. Wakati wa vita, pamba ikihitajiwa jeshini, baadhi ya mashuka yalikuwa ya karatasi. Asiyetaka boksi huchukua fedha taslimu, siku hizi euro 170, lakini wengi wanaopata mtoto wa kwanza huchukua boksi.

Sidai kwamba kadibodi iliwaokoa watoto. Waliokolewa na maji safi, chanjo, wakunga waliosomeshwa, dawa za kuua vijidudu na mishahara iliyopanda. Boksi lilimvuta mama hadi mlangoni mwa kliniki mapema, na likamfikia kila mama bila kumwonyesha yeyote kidole kuwa ni maskini. Huo ni werevu wa utawala ambao hauhitaji nchi tajiri. Ufini ya 1938 haikuwa tajiri.

Wanaume waliporudi kutoka vitani, watoto wakazaliwa kwa wingi ambao nchi ile haikuwahi kuuona wala haijauona tena. Kila mwaka kuanzia 1946 hadi 1949 walizaliwa zaidi ya 100,000, na 1947 peke yake zaidi ya 108,000, katika taifa la watu wasiofika milioni nne. Shule zilijaa, zikajengwa nyingine vijijini. Kizazi hicho kilipofika umri wa kufanya kazi, mashamba yalikuwa yameanza kutumia matrekta na vijiji havikuwa na ajira. Nchi za Kaskazini mwa Ulaya zilikuwa zimefungua soko la pamoja la kazi tangu 1954, na viwanda vya Uswidi vililipa vizuri. Katika miaka miwili, 1969 na 1970, Wafini wapatao 80,000 walivuka bahari kwenda Uswidi, na idadi ya watu wa nchi nzima ikapungua, jambo lisilo la kawaida wakati wa amani. Mwaka 1973 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 1.50, na magazeti yakaanza kuandika kuhusu taifa linalofifia.

Halikufifia. Kuanzia 1948 palikuwa na posho ya kila mtoto. Mwaka 1985 ikaongezwa posho ya mzazi anayelea mtoto mdogo nyumbani, na miaka ya 1990 kila mtoto chini ya umri wa shule akawa na haki ya nafasi katika kituo cha kulelea watoto. Uzazi ukapanda taratibu. Hapa pana jambo ambalo wachumi hulipita upesi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ufini ilipigwa na mdororo mkali wa uchumi. Soko la Kisovieti lilianguka, benki zikayumba, watu wengi wakakosa kazi. Katika miaka hiyohiyo kiwango cha uzazi kilikaa karibu na 1.85. Baadhi ya akina mama waliona kwamba kama kazi hakuna, posho ipo, basi wakati wa kuzaa ni huu. Mtu akikuambia kwamba watu huacha kuzaa kwa sababu ya ugumu wa maisha tu, mwonyeshe Ufini ya 1993.

Tufike 2010. Baada ya mwaka huo mstari wa uzazi ulianza kuteremka. Mwaka 2016 waliokufa waliwazidi waliozaliwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu miaka ya vita. Mwaka 2019 walizaliwa watoto wapatao 45,600, na Ofisi ya Takwimu ya Ufini ilipotazama nyuma kutafuta mwaka wenye watoto wachache zaidi, ilibidi irudi hadi 1868, mwaka ule wa magome na chawa, nchi ilipokuwa na theluthi moja tu ya watu wa leo. Mimi nalisoma sentensi hiyo katika taarifa rasmi na moyo unashtuka. Waliopunguza watoto safari hii hawakuwa na njaa. Wana nyumba zenye joto, wana kliniki mtaani, na mama akijifungua, hofu ya kufa ni ndogo kuliko karibu mahali pengine popote duniani.

Nini kilitokea? Maelezo ya haraka ni kwamba vijana wamekuwa wabinafsi. Siyakubali, na takwimu haziyakubali. Wafini wenye watoto hawajapunguza sana idadi yao. Aliyepata wa kwanza kwa kawaida humpata wa pili, na baadhi watatu. Anguko kubwa liko kwenye mtoto wa kwanza. Watu wengi hawaanzi kabisa. Kati ya wanawake wanaomaliza umri wa kuzaa, takriban mmoja kati ya watano hana mtoto, na kwa wanaume wa umri huo ni zaidi ya robo. Mama wa kwanza siku hizi ana wastani wa karibu miaka 30, na anayengoja mpaka hapo akipoteza miaka mingine minne, mitano, mlango unaanza kujifunga.

Anna Rotkirch, mtafiti wa Väestöliitto, shirika la familia lililoanzishwa 1941, ameiandikia serikali ripoti kuhusu jambo hili, na kati ya mambo anayoyakazia ni mahusiano yenyewe: vijana huchelewa kupata mwenzi, wakimpata huachana mapema, na wengi huingia miaka ya 30 wakiwa peke yao. Karibu nusu ya kaya zote za Ufini zina mtu mmoja tu. Ukiongeza kodi ya nyumba ya Helsinki, ajira za mikataba mifupi na masomo marefu, unapata kijana anayesema ngoja kwanza nijipange, na kujipanga hakuishi. Serikali nayo haikukaa kimya. Mwaka 2022 ilirekebisha likizo ya wazazi, kila mzazi akapewa siku 160 za kazi zenye malipo, baba sawa na mama. Ni sheria nzuri na ninaiunga mkono kwa sababu inamrudisha baba kwa mtoto wake. Mwaka huohuo, hata hivyo, kiwango cha uzazi kilishuka kutoka 1.46 hadi 1.32. Likizo humfaa aliye na mtoto. Asiye na mwenzi haina la kumfanyia.

Hapa nataja kundi moja linalonifundisha kuliko jedwali lolote. Katika Pohjanmaa ya kaskazini wamo Walestadia, waumini wa uamsho wa Kilutheri ulioanzishwa karne ya 19 na mchungaji Lars Levi Laestadius. Wale wa tawi lao la kihafidhina hawatumii uzazi wa mpango, na familia ya watoto wanane au kumi si ajabu kwao. Posho yao ni ileile ya serikali, baridi yao ni ileile, kodi yao ni ileile ya jirani zao. Kinachowatofautisha ni jumuiya inayomwoza kijana mapema, inayompikia mama aliyejifungua, na inayomchukulia mtoto wa kumi kama baraka. Sisemi Ufini nzima iwafuate. Wako wanawake waliotoka katika jumuiya hiyo na kusimulia jinsi miili yao ilivyochoka, nao wasikilizwe. Nasema tu kwamba nchi moja, sheria moja, inatoa uzazi wa aina mbili, na fedha haielezi tofauti hiyo.

Halmashauri ndogo zimejaribu fedha kwa njia yao. Lestijärvi, mahali penye watu mia saba au mia nane, alizaliwa mtoto mmoja tu mwaka 2012. Halmashauri ikaamua kwamba kuanzia 2013 kila mtoto atakayezaliwa na kukaa pale atapewa euro 10,000, yaani 1,000 kila mwaka kwa miaka kumi. Miaka ya mwanzo watoto walizaliwa zaidi, na gazeti baada ya gazeti likaenda kupiga picha. Baadaye wimbi likatulia, na wakazi wakaendelea kupungua, maana kijana akimaliza shule huenda Oulu, Tampere au Helsinki na harudi. Wazazi waliopewa fedha walifurahi, na nadhani walistahili, ila wengi wao walikuwa watu waliokwisha kuamua kuzaa.

Vijiji vya mashariki, Kainuu na sehemu za Savo, ndivyo vinavyoumia zaidi. Shule inafungwa, watoto wanapanda basi saa nzima kwenda mji wa jirani. Duka linafuata, halafu posta, halafu familia changa ya mwisho. Waliobaki ni wazee wale waliozaliwa baada ya vita. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi sasa ni asilimia 23 hivi ya Wafini wote, na wale wa 1946 hadi 1949 wanaingia umri wa miaka themanini, umri wa kuhitaji mtu wa kukusaidia kuoga na kuvaa. Nani atawasaidia? Wengi wana mtoto mmoja au wawili, wanaoishi mbali. Baadhi hawana kabisa.

Jibu la Ufini kwa sasa ni wageni. Mwaka 2023 waliokufa waliwazidi waliozaliwa kwa karibu 18,000, lakini idadi ya watu iliongezeka, kwa kuwa walioingia nchini waliwazidi waliotoka kwa takriban 58,000, wakiwemo Waukraine waliokimbia vita. Watu wenye asili ya kigeni wamezidi asilimia 10. Miaka ya 1980 walikuwa wachache kiasi kwamba karibu hawakuonekana katika jedwali.

Sisi tumo katika hesabu hiyo. Rejista ya watu ya Ufini haiandiki kabila wala rangi, lakini huandika lugha mama ya kila mkazi, na Kiswahili kimo miongoni mwake. Wengi wa wasemaji wake ni Wakongo waliopokewa kama wakimbizi baada ya miaka kambini, wakaanza maisha katika miji ambayo hawakuwahi kuisikia. Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na Profesa Arvi Hurskainen alijenga huko programu za kompyuta za kuchambua Kiswahili mapema kuliko vyuo vyetu vingi. Kisha wako vijana wanaokwenda kusoma, hasa uuguzi, kwa kuwa huko ndiko wazee wanakowangoja. Kenya, mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka wanafunzi Ufini uliishia kwa malalamiko ya wazazi kuhusu karo walizokwisha kulipa, na mwaka 2023 suala likafika mahakamani. Wazazi wengine walikuwa wameuza mashamba. Wazee wa Ufini wanahitaji mikono, vijana wa Bonde la Ufa wanahitaji kazi. Haja zote mbili ni za kweli, na katikati yake mtu mwenye karatasi na muhuri anaweza kujineemesha.

Nawaambia Wafini ninaokutana nao kwamba mgeni hawezi kuwa kiraka cha piramidi ya umri. Anayekuja akiwa na miaka 25 atazeeka naye, na baada ya miaka michache uzazi wa wageni huanza kufanana na wa wenyeji, kwa sababu kodi ya nyumba ni ileile na upweke ni uleule. Muuguzi aliyesomea kwao hufanya kazi ya usaidizi miaka kadhaa akingoja mtihani wa lugha na leseni. Akichoka, huhamia Uswidi au Uingereza, na rejista humwandika kama aliyeondoka.

Kwenu wanafunzi mliokaa pale nyuma, ambao najua baadhi yenu mna fomu za maombi mikobani: hakikisheni barua ya kukubaliwa imetoka chuoni kwenyewe, na karo mlipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, si kwa mtu wala ofisi ya kati. Tangu 2017 wanaotoka nje ya Ulaya hulipa karo katika kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ulizeni kuhusu ufadhili kabla hamjauza kitu chochote cha nyumbani. Na anzeni Kifini hapahapa, kabla ya kupanda ndege. Mzee wa Kainuu mwenye miaka 82 anayehitaji kusaidiwa kutoka kitandani hataweza kukueleza kwa Kiingereza mahali panapomuuma.